Sura ya Tano: Jani Likivuta Oksijeni Juani

Kila mwanafunzi wa sekondari katika kaunti ya Kwale, kuanzia Waa hadi Lungalunga, amefundishwa kwamba mchana majani hutoa oksijeni na usiku huivuta. Kwa hesabu ya jumla, somo hilo ni sahihi. Lakini jumla huficha mengi. Jani lililo juani hutoa oksijeni, na papo hapo hula sehemu ya oksijeni hiyo hiyo. Jua likizidi makali, ulaji huo nao unaweza kuongezeka. Mkoko wa Gazi una uwezo huo saa sita mchana, na mwani uliofungwa kambani Kibuyuni unao maji yanapokupwa. Magugu ya shambani yakipigwa aina fulani ya dawa hufanya hivyo kupita kiasi, na ndicho kinachoyaua.

Mtu aliyesimama nje ya jani huona salio tu, yaani oksijeni iliyotoka ukitoa iliyoliwa. Ili kujua kinachoendelea ndani, wataalamu walilazimika kulivunja jani, kuutoa mtambo wake wa kijani na kuulisha vitu ambavyo jani lenyewe halina. Walichokiona humo kinamhusu mkulima wa mwani wa pwani ya kusini kuliko anavyodhani.

Safari ya elektroni

Ndani ya seli za jani mna vifuko vidogo vya kijani viitwavyo kloroplasti. Humo mna tabaka za utando zilizojaa klorofili. Nuru ikiipiga klorofili, elektroni moja hupata nguvu na kung'oka. Pengo iliyoliacha huzibwa na elektroni iliyonyang'anywa maji. Maji yakishanyang'anywa elektroni 4, huzaliwa molekuli moja ya oksijeni, nayo hiyo ndiyo tunayoivuta puani.

Elektroni iliyong'oka hupokezanwa kutoka protini moja hadi nyingine. Katikati ya safari hupigwa na nuru mara ya pili, ikaongezwa nguvu tena. Sehemu hizo mbili zinazopigwa na nuru huitwa mfumo wa nuru wa pili na mfumo wa nuru wa kwanza. Ajabu yake ni kwamba wa pili ndio unaotangulia, na namba hizo zimebaki hivyo mpaka leo. Mchoro wa njia nzima, wenye umbo la herufi Z iliyolazwa, ulichorwa Cambridge na Robert Hill na Fay Bendall mwaka 1960.

Mwisho wa njia, elektroni inahitaji wa kuipokea. Kwa kawaida mpokeaji ni mtambo unaogeuza kabonidaioksaidi kuwa sukari. Hata hivyo, Hill alikuwa ameonyesha tangu 1937 kwamba kloroplasti haichagui sana. Aliponda majani, akazitoa kloroplasti, akazitia chumvi ya madini ya chuma na kuziangazia taa. Oksijeni ikatoka ijapokuwa hapakuwa na sukari yoyote iliyotengenezwa. Chuma kilizipokea elektroni, na hilo likatosha.

Mwaka 1951 Mmarekani Alan Mehler alipiga hatua nyingine. Alionyesha kwamba oksijeni yenyewe inaweza kuwa mpokeaji. Elektroni zikiiangukia oksijeni, mwisho wake hupatikana haidrojeni peroksaidi, kemikali ile ile ya kusafishia vidonda na kung'arisha nywele. Kwa hiyo jani huizaa oksijeni mwanzo wa njia na kuila mwisho wa njia. Bila kifaa cha kutofautisha oksijeni mpya na ya zamani, huwezi kuona mzunguko huo, kwa sababu kinachotoka na kinachoingia hufutana.

Rangi ya buluu ya maabara ya shule

Njia ndefu yenye vituo vingi ni ngumu kuichunguza. Ikisimama, utajuaje ilipokatika? Fundi wa gereji anaijua mbinu. Injini ikigoma kuwaka, humimina petroli kidogo moja kwa moja kwenye kabureta. Ikinguruma, anajua injini ni nzima na hitilafu iko nyuma, kwenye pampu au mpira wa tangi. Wataalamu wa usanisinuru walitafuta petroli ya namna hiyo, yaani kitu cha kumimina elektroni katikati ya njia bila kutegemea maji.

Mojawapo ya vitu walivyopata inafahamika kwa kila aliyefanya majaribio ya baiolojia katika shule za Kenya. Ni DCPIP, rangi ya buluu tuitumiayo kupima vitamini C. Unadondosha maji ya chungwa au ndimu, na buluu inapotea. Inapotea kwa sababu vitamini C, ambayo wanakemia huiita askobeti, imeipa rangi hiyo elektroni. Mwaka 1960 Vernon na Zaugg waliutumia uhusiano huo huo kwenye kloroplasti zilizochakaa, ambazo hazikuweza tena kuyapasua maji. Askobeti iliipa DCPIP elektroni, DCPIP ikazipeleka mfumo wa nuru wa kwanza, na sehemu ya mbele ya njia ikafanya kazi tena. Wakajua kwamba uchakavu ulikuwa umeharibu nyuma tu.

Tuliangalie jaribio lenyewe kwa karibu. Majani machanga ya spinachi au njegere husagwa kwa sekunde chache katika maji baridi yenye sukari na chumvi. Huchujwa kwa kitambaa chepesi, kisha maji ya kijani huzungushwa kwenye sentrifuji hadi kloroplasti zitue chini. Kiasi kidogo cha kloroplasti hizo hutiwa kwenye kichupa cha kioo cha mililita moja au mbili, chenye kijiti cha sumaku kinachokoroga bila kukoma. Chini ya kichupa pana elektrodi ya aina aliyoibuni Leland Clark katika miaka ya 1950, yenye platinamu na fedha zilizofunikwa kwa utando mwembamba wa plastiki. Oksijeni hupenya utando ule, na umeme mdogo unaopatikana kwenye platinamu huonyesha kiasi chake. Maji yaliyoshiba hewa katika nyuzi 25 za Selsiasi huwa na mikromoli 250 hivi za oksijeni kwa lita, na mstari kwenye skrini huanzia hapo.

Katika kichupa cha kwanza, mtafiti hutia feriksianidi, chumvi ya chuma, iwe mpokeaji, kisha huwasha taa. Mstari hupanda, maana maji yanapasuliwa. Akidondosha diuroni kidogo, mstari husimama, kwa sababu kemikali hiyo huziba njia mara tu baada ya mfumo wa nuru wa pili.

Kichupa cha pili huanza na diuroni ndani yake tangu mwanzo, kwa hiyo maji hayatoi elektroni yoyote. Hutiwa askobeti na DCPIP ziwe watoaji, na methili violojeni iwe mpokeaji. Huongezwa pia azidi kidogo ya kuzima kimeng'enya cha katalasi, ambacho kingeivunja haidrojeni peroksaidi na kurudisha oksijeni. Sasa taa ikiwashwa mstari hushuka. Ikizimwa, mstari hulala. Ikiwashwa tena, hushuka tena. Kloroplasti ni zile zile na taa ni ile ile, lakini sasa nuru inatumika kula oksijeni tu. Methili violojeni huchukua elektroni kutoka mfumo wa nuru wa kwanza, huikabidhi oksijeni, kisha hurudi kuchukua nyingine.

Hesabu isiyokubali haraka

Mwanafunzi akiona mstari ule unashuka vizuri atataka kuhesabu mara moja: oksijeni imepungua kiasi hiki, basi elektroni zilizopita ni kiasi hiki. John Allen na David Hall wa King's College London walionya mwaka 1973 kwamba mambo hayako hivyo.

Elektroni 2 zikitoka, hushika molekuli 2 za oksijeni na kuzigeuza kuwa superoksaidi 2. Superoksaidi ni oksijeni yenye elektroni moja ya ziada, nayo haitulii. Zikikutana mbili, huzaa molekuli moja ya haidrojeni peroksaidi na kurudisha molekuli moja ya oksijeni. Kwa njia hiyo hasara halisi ni oksijeni 1 kwa kila elektroni 2. Lakini kichupani mna askobeti tele, na askobeti huweza kuiwahi superoksaidi kabla haijakutana na mwenzake. Ikiiwahi, superoksaidi hugeuka peroksaidi na hakuna oksijeni inayorudi. Hasara sasa ni 2 badala ya 1. Anayesoma mstari peke yake ataapa kwamba elektroni zinakwenda kwa kasi maradufu, kumbe kasi haikubadilika hata kidogo.

Ufumbuzi ulipatikana katika ugunduzi wa Joe McCord na Irwin Fridovich. Mwaka 1969 walikuwa wametangaza kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuzikutanisha superoksaidi mbili mbili kwa haraka. Ukikitia kichupani, askobeti haipati nafasi ya kuwahi, oksijeni inarudi inavyostahili, na mteremko wa mstari unapungua. Tofauti ya kabla na baada ndiyo inayokuambia ni kiasi gani kilikuwa kazi ya askobeti.

Askobeti, basi, ni mtoaji wa elektroni na wakati huo huo ni mlinzi dhidi ya superoksaidi. Jani zima nalo huitegemea kwa ulinzi. Kazi za Christine Foyer, Barry Halliwell na Mjapani Kozi Asada zimeonyesha jinsi kloroplasti inavyotumia askobeti yake yenyewe kuigeuza haidrojeni peroksaidi kuwa maji, kabla haijaunguza chochote. Asada aliuita mwendo mzima mzunguko wa maji kwa maji. Elektroni hutoka kwenye maji, huipitia oksijeni, na huishia kuwa maji tena. Nguvu ya jua iliyozidi hupata pa kwenda, na jani halidhuriki.

Hall mwenyewe hakuishia kwenye vichupa. Katika miaka ya 1980 alishiriki mradi wa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, wa kupima uzalishaji wa nyasi za tropiki nchini Kenya, Mexico, Thailand na bonde la Amazon. Kwa upande wa Kenya, eneo lilikuwa mbuga ya Nairobi, na Profesa Imbamba wa Chuo Kikuu cha Nairobi alikuwa miongoni mwa watafiti. Ripoti yao ya 1989 ilisema kwamba takwimu za zamani zilikuwa ndogo mno, kwani waliotangulia walipima nyasi zilizosimama na kusahau zilizokufa na kuoza kati ya kipimo na kipimo. Kosa lilikuwa lile lile la kichupani: salio limechukuliwa kuwa ndiyo mapato.

Kutoka maabara hadi pampu ya mgongoni

Msomaji mkulima huenda ameshalitambua jina moja kati ya yale yaliyotajwa. Diuroni ni dawa ya magugu. Na methili violojeni, ambayo wanakemia waliifahamu tangu karne ya 19, ndiyo parakwati, iliyoingizwa sokoni na kampuni ya Kiingereza ya ICI mwaka 1962 kwa jina la Gramoxone.

Dawa hizi mbili huua kwa njia zinazopingana. Diuroni huziba njia. Klorofili hubaki na nguvu isiyo na pa kwenda, na jani hunyauka polepole. Parakwati hufanya ndani ya gugu kile kile ilichofanya kichupani: huvuta elektroni na kuibebesha oksijeni. Superoksaidi na peroksaidi huzidi uwezo wa askobeti, utando wa seli hupasuka, na jani huungua ndani ya saa chache za jua. Kwa kuwa molekuli ya parakwati haiharibiki katika kazi hiyo, kiasi kidogo hurudia uharibifu mara nyingi mno.

Hapo ndipo tunapopata sababu ya jambo ambalo wapiga dawa wanalijua kwa mazoea. Parakwati ikipigwa jioni, huwa na usiku kucha wa kusambaa ndani ya gugu kabla nuru haijaiamsha. Ikipigwa jua kali, huchoma haraka pale ilipoangukia, na sehemu nyingine za gugu zinaweza kuchipua tena. Na gugu lililokunywa diuroni kwanza huungua polepole zaidi kwa parakwati, kwa sababu elektroni zimezuiwa nyuma na parakwati haina cha kuvuta.

Parakwati haichagui kati ya jani na pafu. Mapafu ya binadamu huivuta na kuilimbikiza, na humo nayo huipa oksijeni elektroni, tena bila kuhitaji jua. Haina dawa ya kuipinga, na hata kumpa mgonjwa oksijeni kunaweza kuongeza madhara. Kwa sababu kimiminika chake kilifanana na soda nyeusi, watengenezaji waliongeza rangi ya buluu, harufu mbaya na kitu cha kutapisha. Uswisi iliipiga marufuku mwaka 1989, na Umoja wa Ulaya ukaifuata mwaka 2007. Mwenye kuihifadhi nyumbani asiihamishie kamwe kwenye chupa nyingine.

Diuroni nayo ina hadithi ya bahari. Ni dawa iliyozoeleka sana katika kilimo cha miwa duniani. Huko Queensland, Australia, mabaki yake yalifuatwa kutoka mashamba ya miwa hadi maji ya miamba mikubwa ya matumbawe, ambako nyasi za bahari na vijimea vinavyoishi ndani ya matumbawe vina mfumo wa nuru wa pili ule ule ulio kwenye gugu. Mwaka 2012 serikali iliiwekea masharti makali. Kwale ina mpangilio wa ardhi unaofanana na huo. Miwa ililimwa Msambweni enzi za kiwanda cha Ramisi, kilichofungwa mwaka 1988, kisha ikarudi na kampuni ya KISCOL. Mto Ramisi humwaga maji yake ghuba ya Funzi, na Mkurumudzi ghuba ya Gazi, kwenye mikoko na nyasi za bahari. Mpangilio huo peke yake hauthibitishi uchafuzi wowote. Unatosha tu kuwa sababu ya kupima maji ya mito hiyo mara kwa mara.

Mikoko na mwani

Viumbe vya ufuo wa kusini huishi na tatizo la elektroni bila kupigwa dawa yoyote. Gazi iko nyuzi 4 na ushei kusini ya ikweta, na mwezi wa Machi na wa Oktoba jua husimama wima utosini. Mkoko uliosimama kwenye maji ya chumvi hauwezi kuacha vitundu vya majani yake wazi, ungepoteza maji mengi mno. Ukivifunga, kabonidaioksaidi haiingii, na elektroni hukosa mpokeaji wake wa kawaida. John Cheeseman na wenzake, waliochunguza mkoko wa jamii hiyo Australia mwaka 1997, walieleza kwamba oksijeni inaweza kupokea sehemu kubwa ya elektroni katika hali kama hiyo. Mkoko una vimeng'enya vya ulinzi vya kutosha, na tena huyasimamisha majani yake ya juu mshazari ili yasipigwe na jua moja kwa moja.

Mwani hauna uchaguzi wa kugeuza majani. Ule unaolimwa zaidi Kibuyuni, karibu na Shimoni, ni Eucheuma denticulatum, unaoitwa spinosum na wanunuzi. Hufungwa vipande vipande kwenye kamba zilizovutwa kati ya vigingi, na wakulima wengi ni akina mama. Siku za bamvua, maji ya pwani hii hukupwa saa nne, saa tano asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Mwani hubaki kwenye maji haba, ya moto na yaliyosimama.

Aina hiyo hiyo ilianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989. Miaka michache baadaye Matern Mtolera na Adelaida Semesi, wakishirikiana na Jonas Collén na Marianne Pedersén wa Sweden, waliuliza kwa nini mwani hudhoofika na kupauka katika baadhi ya sehemu. Waliyoyachapisha mwaka 1995 yanasomeka kama mwendelezo wa jaribio la Mehler. Nuru ikiwa kali, pH ya maji ikipanda, na mimea mingine ikigombea maji hayo hayo, mwani huzalisha haidrojeni peroksaidi kwa kiasi cha kuudhuru wenyewe.

Mimea mingine inaingiaje? Nyasi za bahari na mwani wa porini hufyonza kabonidaioksaidi kutoka majini mchana kutwa. Ikifyonzwa, pH hupanda, na kaboni ambayo spinosum inaweza kuitumia hupungua. Nuru haikupungua, elektroni zinaendelea kung'oka, lakini mtambo wa sukari hauna kaboni ya kuzipokelea. Oksijeni ndiyo iliyobaki, nayo ni nyingi kwa sababu kila jani la majini linaitoa. Shamba linaloonekana limechomwa na jua limeponzwa na nuru na upungufu wa kaboni kwa pamoja.

Maelezo hayo yanabadilisha ushauri. Jua halihamishiki, lakini kamba zinahamishika. Maji yanayotembea huleta kaboni mpya na kuzuia pH kupanda. Yana faida nyingine pia: utafiti uliofanywa Gazi, Kibuyuni na Mkwiro na kuchapishwa mwaka 2006, ukiongozwa na Mkenya Wakibia, uliona kwamba mwendo wa maji huongeza naitrojeni ndani ya mwani na kuukuza vizuri zaidi. Upande wa Zanzibar, mtafiti wa mwani Flower Msuya amehimiza kwa miaka mingi ukulima wa maji ya kina kirefu, ambako mwani hauachwi karibu mkavu bahari ikikupwa.

Kwa kikundi kinacholima Kibuyuni au Funzi, kipima pH cha mkononi na daftari vinatosha kuanzia. Pima maji saa mbili asubuhi na tena saa sita mchana, siku za bamvua na siku za maji mafu, kwenye kamba zilizo juu ya nyasi na zilizo kwenye mkondo. Andika pia siku mwani unapoanza kupauka, na wapi. Pale ambapo pH hupanda sana kufikia adhuhuri, mwani umeishiwa kaboni huku nuru ikiendelea kuusukuma, na kamba za hapo ndizo za kuhamishwa kwanza.